Namna ya Kulifikisha Neno la Mungu kwa Asiyetaka Kulisikia

Methali tunayoikimbilia kuliko zote pale tunapotaka kumwambia mtu jambo gumu ni ile isemayo kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nimeisikia kwenye vikao vya harusi, kwenye mabaraza ya wazee wa kanisa, na mara nyingi zaidi kwenye ugomvi wa majirani, ambako kwa kawaida hutangulia tusi. Anayeitamka huwa amekwisha kujitunuku cheo cha mpenzi wa Mungu kabla hajaanza kusema, na anayeambiwa anajua kwamba hana la kufanya ila kuinamisha kichwa hadi mvua ipite. Mwongozo huu nimewaandikia wengine kabisa: mhubiri, mzee wa kanisa, mwalimu wa Shule ya Jumapili, kiongozi wa jumuiya, au Mkristo yeyote ambaye ana neno la Mungu la kumfikishia mtu fulani, anajua kwamba halitapokewa vizuri, na angependa kulifikisha lote bila kulipunguza kwa hofu wala kulitia chumvi kwa hasira.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, kwa kuwa ujumbe si wake. Biblia haikutupa hakikisho hilo. Uria mwana wa Shemaya alikimbilia Misri baada ya kutabiri kama Yeremia, akarudishwa na kuuawa kwa upanga na mfalme Yehoyakimu. Zekaria mwana wa Yehoyada alipigwa kwa mawe ndani ya ua wa nyumba ya Bwana. Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa kwa ajili ya sentensi moja. Lakini sababu ya methali ile inabaki kuwa kweli hata pale mjumbe anapouawa: ujumbe si mali yake, na kwa hiyo hana ruhusa ya kuuongeza, kuupunguza wala kuuchelewesha kwa faida yake. Yote nitakayoeleza hapa chini yanatoka katika jambo hilo moja.

Kwanza hakikisha kwamba neno si lako

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kusema. Mtu akikukosea leo asubuhi, jioni utakuwa na aya tatu za Maandiko zinazomhusu yeye, nawe utaziona kuwa zimeshuka kutoka juu. Kwa hiyo chukua karatasi uigawe sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza andika lile ambalo Maandiko yanalisema waziwazi juu ya jambo hilo, na si unalodhani kwamba yangelisema. Katika ya pili andika ulichokiona kwa macho yako au ulichoambiwa na mhusika mwenyewe. Katika ya tatu andika ulichosikia kwa watu. Katika ya nne andika unavyohisi na unavyofikiri. Nimefanya zoezi hili na wazee wa kanisa zaidi ya mara moja, na karibu kila mara sehemu ya nne ndiyo iliyojaa hadi pembeni, wakati sehemu ya pili ina mstari mmoja au haina kitu. Unachoweza kumpelekea mtu kwa jina la Mungu ni kile kilicho katika sehemu ya kwanza na ya pili tu. Cha tatu kinahitaji kuulizwa kwanza, kwa maana Mithali inasema kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu kwa anayejibu, na cha nne ukiombee.

Baada ya hapo subiri. Katika kisa cha Yeremia na Hanania, kilichomo katika sura ya 28 ya kitabu cha Yeremia, kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kuonyesha kwamba taifa litamtumikia mfalme wa Babeli. Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili kila kitu kitarudi, kisha akaitoa nira ile shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Fikiria mtu anakuvua kanzu yako ya uchungaji mbele ya usharika na kuichana. Yeremia alisema amina, akieleza kwamba naye angependa iwe hivyo, akakumbusha jinsi manabii wa kale walivyopimwa, na nira ilipovunjwa akaenda zake. Hakuwa na neno jipya wakati ule, na hakulitunga. Neno lilimjia baadaye, naye akarudi na kumwambia Hanania kwamba amevunja nira za mti na badala yake zitakuja za chuma. Katika sura ya 42, watu waliojaa hofu baada ya kuuawa kwa Gedalia, liwali aliyewekwa na Wababeli, walimwomba awaulizie kwa Mungu kama wakimbilie Misri au wakae. Ilipita siku kumi kabla hajawapa jibu. Siku kumi, na watu wamefunga mizigo yao. Ikiwa nabii aliweza kusubiri hivyo, nasi tunaweza kulala usiku mmoja kabla ya kutuma ujumbe wa simu.

Lakini kusubiri nako kuna hatari yake. Ukiona kwamba kila wiki unapata sababu mpya ya kuahirisha, rudi kwenye karatasi yako. Kama sehemu ya kwanza na ya pili zimejaa na bado huendi, tatizo limehama kutoka kwenye neno na kuingia kwa mjumbe.

Jua nani anakulisha

Nilipokuwa mwinjilisti kijana katika mtaa mmoja wa vijijini, alifariki kijana aliyekuwa ameharibiwa na gongo. Nilipewa nafasi ya kuhubiri msibani, nami nikaona kwamba Mungu amenifungulia mlango. Nilihubiri juu ya ulevi kwa muda wa dakika arobaini, nikataja hukumu, nikataja ini, nikamtaja marehemu kwa jina. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza, na katikati ya mahubiri yale aliivuta khanga aliyojitanda akajifunika uso wote, akabaki hivyo hadi nilipomaliza. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Nilirudi nyumbani nikijiona nimesimama kama Yohana Mbatizaji.

Mchungaji wangu hakunigombeza. Alingoja hadi tukabaki wawili, akaniuliza, "Mwinjilisti, leo ulikuwa unamwambia nani?" Sikuwa na jibu. Marehemu hakusikia. Mama yake alikuwa ameyajua yote kwa miaka mitano. Aliyeuza gongo ile alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha plastiki, na yeye ndiye aliyeitikia amina kuliko wengine. Nilimfahamu vizuri mzee yule. Ndiye aliyekuwa ametoa mabati ya nusu ya paa la kanisa letu, na alikuwa ameahidi kumalizia nusu iliyobaki.

Nabii Mika aliwasema manabii wa siku zake kwamba hutangaza amani wakiwa na kitu cha kutafuna, na kwamba asiyewatia kitu kinywani humtangazia vita. Sisi tunalijua jambo hilo kwa lugha ya kwetu: mwenye kisima hanyimwi salamu. Kabla ya kupeleka neno gumu, jiulize kwa uaminifu ni nani anayekulipia ada ya mtoto, nani alichangia gari la usharika, nani ni mkwe wako, na nani anakaa kwenye kamati itakayojadili uhamisho wako. Si dhambi kupokea msaada. Lakini orodha ya watu waliokusaidia ndiyo ramani ya mahali ambapo kinywa chako kitakuwa kizito, na ni afadhali uijue mapema. Amosi alipofukuzwa Betheli na kuhani Amazia, ambaye alimwambia akale mkate wake huko Yuda na kutabiri huko, alijibu kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii, bali mchungaji na mtunza mikuyu. Watu husoma jibu hilo kama unyenyekevu, na pengine ni hivyo. Mimi nalisoma pia kama taarifa ya mapato. Amazia alidhani anazungumza na mtu anayekula kwa kutabiri, kumbe mkate wa Amosi ulitoka kwenye mifugo na mikuyu.

Yapo makosa ya upande wa pili pia. Mtu asiye na cha kupoteza hudhani kwamba ukali wake ni ushujaa. Kumkemea mjane asiye na mtetezi kuhusu fungu la kumi si ujasiri wa kinabii hata kidogo.

Chagua mlango wa kuingilia

Katika Mathayo 18 Bwana Yesu aliweka utaratibu ambao kila mtu anaujua na wachache wanaufuata: ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua na wewe tena mmoja au wawili, akiwakataa hao, liambie kanisa. Sisi tumezoea kuanza mwisho. Tunaanza na kanisa, tena kwa mafumbo.

Hapa inafaa nikae kidogo, kwa sababu kijembe ndicho kinachochukua nafasi ya neno la Mungu katika makanisa yetu kuliko hata uongo. Mhubiri anajua kwamba mtu fulani amechukua pesa za kikundi cha akina mama. Badala ya kwenda kwake, anapanda mimbarani na kusema kwamba wapo watu humu ndani, siwataji, wanaokula vya wajane, na wanajijua. Usharika mzima unageuka kutafuta ni nani. Mhusika anakaza uso na kuitikia amina. Mtu mwingine asiye na hatia, aliyekuwa mhasibu wa kikundi mwaka uliopita, anarudi nyumbani akilia. Mhubiri akiulizwa atasema kwamba hata Nathani alimfumbia Daudi kwa hadithi ya mwana-kondoo. Si kweli kwamba mambo hayo mawili yanafanana. Kijembe husemwa mbele ya wote na hakimtaji yeyote, Nathani alizungumza na Daudi ana kwa ana, na fumbo lake lilidumu kwa dakika chache tu kabla hajalifumbua kwa maneno manne: "Wewe ndiwe mtu huyo." Fumbo lake lilikuwa mlango wa kumfikia mtu, na mafumbo yetu mara nyingi ni ukuta wa kujifichia.

Ukiamua kuanza kwa mfano kama Nathani, basi uwe na ujasiri wa kumalizia kama Nathani. Kama hujawa tayari kusema sentensi ile ya mwisho, usianze hadithi.

Kosa lililofanyika hadharani lina hukumu yake tofauti. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote kule Antiokia, kwa sababu Petro alikuwa amejitenga mezani na Wakristo wasio Wayahudi mbele ya watu wote, na wengine, hata Barnaba, walikuwa wamevutwa naye. Kipimo ni rahisi kukitamka: waliolishuhudia kosa na kupotoshwa nalo ndio wanaostahili kusikia linaposahihishwa. Akikosea chumbani, mwambie chumbani. Akifundisha uongo mimbarani, usharika una haki ya kusikia kweli palepale mimbarani, ingawa hata hapo ni adabu kumjulisha mapema kwamba utasema.

Kuna swali la umri na ukoo, ambalo vitabu vingi vya kigeni vya mahubiri havina msaada nalo. Kijana hawezi kumketisha baba mkwe na kumsomea makosa yake, na Maandiko hayamlazimishi afanye hivyo. Paulo alimwagiza Timotheo asimkemee mzee bali amwonye kama baba, na wanawake wazee kama mama. Kwetu hii ina maana ya kuomba ruhusa ya kuzungumza, kutumia shikamoo kwa moyo, kuketi chini ya kiti chake, na pale inapobidi kumtuma mtu wa rika lake. Kumtuma mtu si woga. Yeremia alipozuiwa kuingia hekaluni alimtuma Baruku mwana wa Neria. Sharti ni moja tu: anayetumwa abebe ujumbe wote. Baruku aliandika neno kwa neno kutoka kinywani mwa Yeremia, na alipoulizwa na wakuu namna alivyoandika, alieleza hivyohivyo. Sisi tunamtuma mjomba, na mjomba akifika anasema, "Vijana wana neno, lakini si kubwa."

Maneno yenyewe

Yawe machache. Alichomwambia Yohana Herode kilikuwa kwamba si halali kwake kuwa na mke wa ndugu yake. Hakutoa historia ya ukoo wa Herode, ingawa angepata mengi ya kusimulia. Sentensi fupi haina mahali pa kuponyokea, na pia haina mahali pa kuweka chuki yako.

Sema kitu kilichotendeka, si tabia ya mtu. "Baba, shilingi laki nane za kikundi zilitolewa benki kwa saini yako mwezi wa tatu na hazikufika kwa wajane" ni neno linaloweza kujibiwa, kukanushwa au kutubiwa. "Wewe ni mwizi na umekuwa hivyo siku zote" haliwezi. Soma andiko moja, lenye kuhusu jambo hilohilo, ukilisoma taratibu na kwa sauti ya kawaida. Kisha sema linalotakiwa: arudishe, aache, akiri mbele ya kikundi, au aende akapatane na nduguye. Watu wengi huishia kwenye kosa, wakamwacha mtu amesimama katikati ya njia bila kujua pa kwenda. Nathani hakuishia hapo. Alimtajia Daudi alichotendewa na Mungu, alichomfanyia Uria Mhiti, na adhabu itakayofuata. Na Daudi alipokiri kwamba amemfanyia Bwana dhambi, Nathani hakungoja hata dakika, alimwambia papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake na hatakufa. Ukienda na karipio ambalo halina msamaha ndani yake, umeacha nusu ya mzigo nyumbani.

Yako maneno ya kuepuka. Usiseme "watu wanasema", kwa sababu utamfanya atafute watu hao badala ya kujitazama. Usiseme "Roho ameniambia juu yako" ikiwa uliambiwa na jirani. Huko ni kutaja jina la Bwana bure, na siku itakapojulikana nani aliyekuambia, hata andiko ulilosoma litapoteza uzito machoni pake. Usianze kwa kuomba radhi kwa ajili ya ukweli wenyewe. Unaweza, na mara nyingi unapaswa, kuomba radhi kwa ajili ya sauti yako, kuchelewa kwako, au boriti iliyokuwa jichoni mwako mwenyewe juu ya jambo kama hilo. Upole na ukweli haviuziani nafasi. Majirani zetu Waislamu husoma katika Qurani kwamba Musa na Haruni waliagizwa wamwambie Firauni maneno laini, na Firauni ndiye mfano wa ukaidi kwetu sote. Ulaini ule haukupunguza hata chembe ya walichotumwa kudai.

Ukimaliza, nyamaza. Kimya kitakachofuata kitakuwa kizito, nawe utashawishika kukijaza kwa mzaha au kwa kusema "lakini si neno, sote ni wakosaji". Kiache.

Unapolazimika kusema na wenye mamlaka

Neno linapowahusu watawala, mambo mawili huongezeka: hatari, na kishawishi cha kugeuka mwanasiasa. Mfano ninaoupenda ni wa David Gitari, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya. Mwezi Machi 1975, kabla hajawa askofu, mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na Gitari alikuwa na zamu ya kutoa mahubiri mafupi katika redio ya Sauti ya Kenya. Alirejea kisa cha Kaini na Habili na swali la Mungu kuhusu ndugu aliyeuawa. Mwaka 1987 mahubiri yake kutoka kitabu cha Danieli yaliwakasirisha wanasiasa, na alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini waliopinga upigaji kura wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, uliotumika mwaka 1988. Alikuwa na mazoea ya kulifafanua andiko hatua kwa hatua, kisha kuliweka kando ya habari za nchi. Aliyetaka kugombana naye alilazimika kugombana na Danieli kwanza. Usiku mmoja wa Aprili 1989 wavamizi waliishambulia nyumba yake. Alinusurika kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele hadi majirani wakaja.

Jifunze kutoka kwake kushikamana na andiko, na kutoka kwa wengine jifunze kutokwenda peke yako. Nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda ilipekuliwa usiku na askari wa Idi Amin mapema Februari 1977. Maaskofu wa Kianglikana walikutana, wakaandika barua ya malalamiko yenye heshima na isiyozungukazunguka, wakaitia saini kwa pamoja tarehe 10 Februari. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Saini za wenzake hazikumwokoa, na sitaki kukudanganya kwamba umoja ni ngao. Lakini ziliizuia serikali isiweze kusema kwamba yale yalikuwa malalamiko ya mtu mmoja mwenye kinyongo.

Maaskofu Katoliki wa Malawi walifikiri hata juu ya namna ya kufikisha. Barua yao ya kichungaji ya Kwaresima, iliyoeleza umaskini, ubovu wa elimu na afya, na hofu ya watu kusema, ilisomwa katika parokia za Kikatoliki nchi nzima Jumapili ileile ya tarehe 8 Machi 1992. Serikali ya Kamuzu Banda iliwahoji maaskofu na kuipiga marufuku barua hiyo, lakini isingeweza kulirudisha neno ambalo watu walikwisha kulisikia kwa masikio yao asubuhi moja. Mwezi Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua mfumo wa vyama vingi.

Kwa hiyo andika, na uwe na nakala. Katika Yeremia 36, mfalme Yehoyakimu alikuwa ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yakiwaka mbele yake, na kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne za gombo la maneno ya Yeremia alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni hadi gombo lote likaisha. Wakuu watatu walimsihi asilichome; hakuwasikiliza. Yeremia alichukua gombo jingine, Baruku akaandika maneno yote yaleyale, na mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa.

Baada ya kusema

Mara nyingi utakataliwa, na hilo peke yake halithibitishi kwamba ulikuwa sahihi. Wapo watu waliokataliwa kwa sababu walikuwa wakali bure au hawakuwa na uhakika, wakajifariji kwamba hata Bwana alikataliwa. Rudi kwenye karatasi yako ya kwanza uitazame tena. Ukiona ulikosea jambo, nenda ukasahihishe kwa sauti ileile uliyoonya nayo.

Ukiona hukukosea, baki karibu. Yeremia alipopewa nafasi na Nebuzaradani, mkuu wa askari wa Babeli, ya kwenda Babeli na kutunzwa vizuri, alikwenda Mispa kukaa na mabaki ya watu walewale ambao hawakuwahi kumsikiliza. Usimkwepe mtu njiani. Mwamkie kama zamani, nenda akiugua, changia msiba wake. Usiwasimulie wengine jinsi ulivyompasha. Na kama wewe si msemaji bali ni mtazamaji tu, mkumbuke Ebedmeleki Mkushi, ambaye alipokwenda kumtoa Yeremia katika shimo la matope alichukua matambara na nguo kuukuu, akamwambia ayaweke chini ya makwapa ili kamba zisimuumize. Asiye na neno la kusema anaweza kuwa na matambara.

Yule mzee wa mabati nilimwendea baada ya wiki mbili, jioni, peke yangu. Nilimwamkia, akanikaribisha, mkewe akaleta chai. Nilimwambia kwamba kijana tuliyemzika alikunywa gongo iliyopikwa nyuma ya nyumba ile, kwamba nilihubiri msibani kana kwamba simjui muuzaji, na kwamba katika hilo nilimkosea yeye na Mungu. Nilisoma Habakuki sura ya 2, pale panaposema ole wake ampaye jirani yake kileo, nikamwomba aache biashara ile. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

"Umemaliza, mwinjilisti?"

"Nimemaliza, mzee wangu."

Akaniambia ninywe chai isije ikapoa. Hakuacha kuuza mwaka ule. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, na mabati yaliyobaki hayakuja pia. Mvua za masika zilipoanza tulisogeza mabenchi yote upande wenye paa, watu wakabanana hadi mlangoni, na mama wa marehemu akawa anaketi benchi la mbele, hatua mbili kutoka niliposimama.